Mudaraa na Mudahana: Adabu za Muislamu Anapokutana na Askari Polisi

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu (s.w.t.), tunamtegemea Yeye na tunamuomba taufiki, na tunamuomba rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), na Aali zake na Masahaba wake wote. Ama baad:

Miongoni mwa maswali yanayowafikia maimamu baada ya darsa za Magharibi ni haya yanayohusu kuamiliana na askari polisi. Mmoja anauliza: Je, kumchekea askari anayejulikana kwa dhulma si unafiki? Mwengine anauliza kama ile "chai" aliyoiacha kizuizini ni sadaka, ni zawadi au ni rushwa. Na mama anauliza kama mwanawe aliyemjibu askari kwa ukali, akalala mahabusu kwa jibu lile, amepata ujira wa mwenye kusema haki mbele ya mtawala.

Haya ni maswali ya kila siku, lakini ndani yake mna roho za watu, heshima zao na dini yao. Wako vijana waliotoka nyumbani wakiwa hawana kosa lolote, wakaingizwa matatani na ndimi zao. Na wako wengine walioingiwa na khofu mpaka wakatia saini maelezo wasiyoyasema, au wakamtaja jirani kwa jambo wasilolijua. Wa kwanza alidhani ukali ni ushujaa, na wa pili alidhani kunyenyekea ni adabu. Wote wawili hawakuujua mpaka ambao wanazuoni wetu waliuweka zamani baina ya mambo mawili: mudaraa na mudahana. Makusudio ya makala haya ni kuueleza mpaka huo, kisha tuupeleke barabarani, mlangoni na kituoni, mahali ambapo Muislamu hukutana na askari.

MUDARAA SI MUDAHANA

Imam Bukhari, ndani ya Kitabul Adab katika Sahihi yake, ameweka mlango maalumu wa mudaraa pamoja na watu. Humo ameipokea hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) kuhusu mtu aliyebisha hodi kwa Mtume (s.a.w.). Mtume aliutaja ubaya wa mtu yule katika kabila lake, kisha alipoingia akazungumza naye kwa upole. Bibi Aisha alipomuuliza juu ya hilo, alimfahamisha kuwa mwenye daraja ovu kabisa mbele ya Mwenyezi Mungu ni yule ambaye watu wanamwepuka kwa kuogopa uchafu wa ulimi wake.

Imam Qurtubi, na Ibn Hajar ameyanukuu maneno yake katika Fat-hul Bari, amepambanua hivi: mudaraa ni kutoa sehemu ya dunia yako kwa maslahi ya dunia, au ya dini, au yote mawili, na mudahana ni kuitoa dini yako kwa ajili ya dunia. Mtume (s.a.w.) alimpa mtu yule uso mkunjufu na maneno laini, lakini hakumsifu kwa sifa asizokuwa nazo. Kwa hiyo kauli yake na kitendo chake havikupingana.

Hii ndiyo mizani yetu. Uso mkunjufu, sauti ya chini, neno zuri, kusubiri foleni, kurudia jibu mara ya pili bila ya kunung'unika: yote hayo ni katika dunia yako, na unayo ruhusa ya kuyatoa, bali utalipwa kwayo ukiyatoa kwa nia njema. Ama ukweli, ushahidi, haki ya mtu mwengine na mipaka ya halali na haramu, hivyo si mali yako. Hivyo ni amana, na anayevitoa ili apite kizuizini amekwisha kutoka katika mudaraa na kuingia katika mudahana.

Na dalili iliyo wazi zaidi ni kisa cha Nabii Musa na Nabii Harun (a.s.) katika Surat Taha. Katika aya ya 43 na 44 Mwenyezi Mungu anawatuma kwa Firauni aliyepindukia mipaka, na anawaamrisha waseme naye kwa kauli laini. Wanazuoni husema: hakuna askari yeyote aliyefikia uovu wa Firauni, wala hakuna yeyote kati yetu aliyefikia daraja ya Musa na Harun. Basi ikiwa wao waliamrishwa ulaini, sisi tuna udhuru gani? Lakini tusiishie hapo kama wengi wanavyoishia. Tuendelee mpaka aya ya 47, ambapo kauli hiyo laini inamtaka Firauni awaachie Wana wa Israili na asiwaadhibu. Kauli ilikuwa laini, na dai lilibaki kamili. Mwenye kufahamu aya hizi mbili kwa pamoja amekwisha kuifahamu mas-ala yetu yote.

ASKARI KATIKA HISTORIA YETU

Wako wanaodhani kuwa kazi ya polisi ni jambo lililoletwa na wakoloni tu, na kwa hiyo haina sehemu katika Uislamu. Dhana hii si sahihi. Anas bin Malik (r.a.), katika hadithi aliyoipokea Bukhari, anaieleza nafasi ya Qays bin Saad bin Ubada (r.a.) kwa Mtume (s.a.w.) kwa kuifananisha na nafasi ya mkuu wa shurta kwa amiri. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akizunguka Madina usiku kulinda watu, jambo linaloitwa asas. Baadaye cheo cha mkuu wa shurta kikajulikana katika miji yote ya Kiislamu. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria (1406), ametaja katika Muqaddima yake kuwa huko Andalusia kazi hii iligawanyika katika shurta kubwa na shurta ndogo. Shurta kubwa ilikuwa na mamlaka hata juu ya jamaa wa watawala na wenye vyeo, na ndogo ilihusika na watu wa kawaida.

Pamoja na kumpa askari mamlaka, wanazuoni walimwekea mipaka. Imam Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), katika Al-Ahkam as-Sultaniyya, ameeleza kuwa muhtasib huzuia uovu ulio dhahiri, wala hana ruhusa ya kupeleleza siri za watu bila ya sababu kubwa, kama vile kukhofiwa jambo lisiloweza kurekebishwa likishatendeka, mfano wa mauaji.

Ama katika pwani yetu na bara yake, ni kweli kuwa serikali za kikoloni zilimtumia askari kukusanya kodi ya kibanda na kuwasukuma watu kazini kwa nguvu. Khofu na chuki vikarithiwa kutoka kwa babu mpaka kwa mjukuu, na hata leo mama humtisha mtoto anayelia kwa kumwambia kuwa askari anakuja. Tunalitaja hili ili msomaji aelewe kwamba sehemu ya ukali wetu na sehemu ya woga wetu havikutokana na askari huyu aliye mbele yetu. Huyu ni mja wa Mwenyezi Mungu, ni mtoto wa watu, na mara nyingi ni jirani yetu, na tunaswali naye safu moja siku ya Ijumaa.

BARABARANI

Sharia yetu imebainisha nani aanze kutoa salamu. Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, aliyepanda humsalimia anayekwenda kwa miguu. Na katika hekima zilizotajwa na wanazuoni ni kwamba aliyepanda asije akaingiwa na kiburi kwa kipando chake. Basi dereva wa gari na kijana wa bodaboda ndio waliopanda, na askari amesimama kwa miguu yake juani. Anayetakiwa kuanza ni dereva. Akijua kuwa askari ni Muislamu atamtolea salamu ya Kiislamu. Asipokuwa Muislamu atamsalimia kwa salamu njema ya nchi, kama vile "Habari za kazi, afande" au "Poleni na kazi". Na wakiwa wamechanganyika, basi Usama bin Zayd (r.a.) ametusimulia, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) alipita kwenye kikao chenye Waislamu na wasiokuwa Waislamu, akawatolea salamu.

Jambo la pili ni kutoona kuwa kuulizwa ni kutukanwa. Wengi hukasirika pale tu wanapotakiwa kitambulisho, na husema: "Kwani mimi mwizi?" Hebu tumtazame Mtume (s.a.w.). Alikuwa katika itikafu, na mkewe Bibi Safiyya (r.a.) akamtembelea usiku. Alipotoka kumsindikiza, wakapita watu wawili katika Ansari na wakaharakisha mwendo. Mtume akawataka wasiharakishe, akawafahamisha kuwa yule ni Safiyya. Wakaona vigumu hata kudhaniwa kuwa wangemshuku Mtume wao, naye akawaeleza kuwa Shetani hutembea ndani ya mwanadamu kama damu inavyotembea. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa aliye bora wa viumbe alijieleza kabla hata hajaulizwa, na kwa watu wasiomshuku, sisi hatupungukiwi na kitu tukionyesha leseni na bima.

Na katika adabu za mahali hapa ni kuzima redio, kuteremsha kioo, kuacha mikono ionekane, na ikiwa ni usiku kuwasha taa ya ndani. Mwenye kanzu asipeleke mkono mfukoni ghafla. Aseme kwanza: "Afande, leseni iko mfukoni, naitoa." Askari naye ana khofu yake, hasa usiku na penye giza, na kumwondolea mtu khofu ni katika wema. Askari akiwa ni mdogo kwa umri, mzee asimwite "we kijana" mbele ya watu, kwani hapo anaamiliana naye kwa kazi yake, wala si kwa umri wake.

Lililo baya zaidi ni yale maneno ya "Wanijua mimi ni nani?", kisha mtu akatoa simu kumpigia mkubwa fulani. Hii ni shafaa, na Mwenyezi Mungu katika Surat An-Nisaa, aya ya 85, ameigawa shafaa kuwa njema na mbaya, na kila mwenye kuifanya ana fungu lake katika matokeo yake. Usama bin Zayd (r.a.), pamoja na mapenzi aliyokuwa nayo Mtume (s.a.w.) kwake, alipomuombea mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba, Mtume alighadhibika, akahutubia watu na kuwaeleza kuwa waliotangulia waliangamia kwa sababu mtukufu wao akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimuadhibu. Basi mwenye kuupiga simu mkono wa sheria urudi nyuma, na mwenzake asiyekuwa na mkubwa wa kumpigia akabaki pale pale kizuizini, naajiangalie katika hadithi hii.

Kosa likiwapo, kweli ndiyo njia. Asiyekuwa na leseni asiseme kuwa ameisahau nyumbani. Na asipojua kosa lake anayo haki ya kuuliza: "Afande, naomba unieleze kosa langu." Maneno haya si ujeuri, ukali ndio unaoweza kuyaharibu.

MLANGONI

Nyumba ina hukumu kubwa katika Sharia. Surat An-Nur, aya ya 27 na 28, imefunga njia ya kuingia nyumba za watu bila ya idhini na salamu. Na katika vitabu vya adabu, akiwamo Imam Ghazali katika Ihya, kimetajwa kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa katika doria yake ya usiku. Alisikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Umar akamkemea. Yule mtu akamuomba asiharakishe, akamwambia kuwa ikiwa yeye amemuasi Mwenyezi Mungu katika jambo moja, basi Amiri wa Waumini amekosea katika matatu: amepeleleza, na Qur'ani imekataza katika Surat Al-Hujurat aya ya 12, ameingia kwa ukuta, na Qur'ani imeamrisha kuingia kwa milango katika Surat Al-Baqara aya ya 189, na ameingia bila ya idhini wala salamu, na imekatazwa katika Surat An-Nur. Umar akakubali, wakasameheana, akatoka.

Hata mwenye kuijadili sanadi ya kisa hiki hawezi kuzijadili aya tatu zilizomo ndani yake. Na tunachokitafuta hapa ni adabu ya pande zote mbili. Yule mtu hakutukana wala hakushika fimbo, alitaja hoja yake moja baada ya nyingine. Na Umar, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, hakuona ni aibu kurudi nyuma mbele ya haki.

Basi askari akibisha mlangoni, mwenye nyumba na atoke yeye mwenyewe, asimtume mtoto. Amsalimie, amuulize kwa upole jina lake, kituo chake na sababu ya kuja kwake, na kama ni upekuzi, aombe kuona hati. Sheria za Tanzania na za Kenya zimeweka utaratibu wa hati ya upekuzi, ingawa zimeacha nafasi ya hali za dharura. Aombe pia wanawake wapewe muda wa kujisitiri kabla ya wageni kuingia, na ombi hili likisemwa kwa heshima ni nadra kukataliwa. Amwite jirani au mjumbe awe shahidi. Na Tanzania Bara, kitu kikichukuliwa, sheria inataka itolewe stakabadhi yenye saini ya mwenye nyumba na ya mashahidi, basi asiache kuiomba. Lakini askari akishikilia kuingia kwa nguvu, mtu asiuzuie mlango kwa mwili wake. Aseme waziwazi kuwa hakuridhia, akumbuke aliyoyaona, na alipeleke shauri lake mahali pake. Kuhifadhi roho ni katika makusudio makuu ya Sharia, na mlango hauna thamani ya roho.

KITUONI

Mwenye kuitwa kituoni na aende, na asiende peke yake akiweza. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, imempa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia siku isiyo ya mahakama. Tanzania Bara nayo, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inataka aliyekamatwa aelezwe kosa lake. Kuzijua haki hizi si uasi. Na kunyamaza kwa adabu, kwa kusema "Afande, naomba nitoe maelezo wakili wangu akiwapo", ni bora kuliko maneno mengi ya khofu.

Hapa ndipo mudahana inapowanasa wengi. Mtu huulizwa juu ya jirani yake, na kwa kutaka kumridhisha anayemuuliza akasema "nadhani" mahali ambapo hajui, na "nimeona" mahali ambapo amesikia tu. Surat An-Nisaa, aya ya 135, imeamrisha kusimamisha uadilifu katika ushahidi hata juu ya nafsi zetu na wazazi wetu. Basi aseme alilolijua, na asilolijua aseme hajui. Na maelezo yasomwe mpaka mwisho kabla ya kutiwa saini. Asiyejua kusoma aombe asomewe.

Mwanamke ana hukumu zake. Sheria ya Tanzania Bara na ya Kenya zote zinataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha. Basi aseme: "Afande, naomba aje askari wa kike", na hilo ni ombi la haki. Ama mwenye nikabu akitakiwa kuonyesha uso ili atambulike, Imam Nawawi katika Minhaj amehisabu muamala na ushahidi miongoni mwa mambo yanayohalalisha kuangaliwa uso kwa kadiri ya haja, na kumtambua mtu kunaingia humo. Akipatikana askari wa kike ni bora, na asipopatikana, afunue kwa kadiri hiyo kisha ajisitiri, wala asifanye ugomvi katika jambo ambalo fiqhi imelipa wasaa.

Na swala haimwondokei aliye mahabusu. Aombe maji na aulize kibla mapema, kabla wakati haujabana. Akikosa maji atatayamamu kwa udongo. Akikosa vyote viwili, kama ilivyo katika vyumba vyenye sakafu ya saruji, basi katika madhehebu yetu ya Imam Shafi ataswali faradhi kwa kuheshimu wakati, kisha atairudia atakapopata uwezo. Wangapi wameacha swala za siku tatu kwa kutoijua mas-ala hii, au kwa kuona haya kumuomba askari kopo la maji!

"CHAI" SI ADABU

Watu wameipa rushwa majina mengi: chai, soda, kitu kidogo, ya maji. Kanuni ya fiqhi ni kuwa kinachozingatiwa ni maana na makusudio, wala si matamko. Jina haligeuzi hukumu. Surat Al-Baqara, aya ya 188, imekataza kula mali kwa batili na kuipeleka kwa wenye kuhukumu ili kula haki za watu kwa dhambi. Na katika hadithi ya Abdullah bin Amr (r.a.) waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, wamelaaniwa mtoaji na mpokeaji. Na mwenye kusema kuwa ni zawadi tu akumbuke kisa cha Ibn al-Lutbiyya katika Bukhari na Muslim. Alitumwa kukusanya zaka, akarudi akidai sehemu aliyopewa zawadi. Mtume (s.a.w.) akauliza mbele ya watu kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi ile ingemfuata.

Zipo kauli za wanazuoni kuwa mwenye kudhulumiwa kweli, asiyekuwa na njia nyengine ya kuipata haki yake au kujiondolea dhulma, akilazimika kutoa, basi dhambi ni juu ya mpokeaji. Imepokewa kuwa Ibn Masud (r.a.) alikamatwa Uhabeshi akatoa dinari mbili akaachiwa. Lakini kauli hii imekuwa mlango wa kila mtu. Ina masharti: iwe ni dhulma kwa hakika, pasiwepo njia nyengine, na kisiwe kinachotolewa kinapoteza haki ya mtu mwengine. Dereva ambaye breki zake ni mbovu akatoa noti ili apite, huyo hakujiondolea dhulma, amejiondolea haki, na abiria wake ndio waliodhulumiwa. Tusisahau pia kuwa sheria za nchi, ile ya Tanzania ya mwaka 2007 na ile ya Kenya ya mwaka 2016, zinamhesabu mtoaji kuwa na kosa kama mpokeaji.

Njia ya mudaraa hapa ni kusema: "Afande, kama nimekosa, niandikie faini nilipe." Faini ya haki ina karatasi yake na namba yake ya malipo. Asemaye hivyo kwa upole, bila ya kumtuhumu askari mbele ya watu, amejihifadhi yeye na amemhifadhi askari pia. Labda atacheleweshwa nusu saa. Nusu saa hiyo ni katika dunia yake, na tumesema kuwa dunia inatolewa kwa ajili ya dini.

AKIDHULUMIWA

Adabu haina maana ya kuificha dhulma. Surat An-Nisaa, aya ya 148, imemvua aliyedhulumiwa katika katazo la kutangaza maneno mabaya. Na katika hadithi ya Bukhari, mtu alimdai Mtume (s.a.w.) kwa ukali mpaka Masahaba wakakusudia kumdhuru. Mtume akawataka wamwache, kwani mwenye haki ana la kusema.

Lakini haki ina mlango wake wa kuidai. Imam Muslim amepokea kuwa Hisham bin Hakim bin Hizam (r.a.) alipita Sham akawakuta wakulima wa Kinabati, wasiokuwa Waislamu, wamesimamishwa juani kwa ajili ya kodi. Akataja kuwa amemsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kwamba Mwenyezi Mungu atawaadhibu wanaowaadhibu watu duniani. Kisha akaingia kwa amiri, Umayr bin Saad, akamsimulia hadithi ile, na amiri akaamrisha waachiwe. Tazama utaratibu huu, ndugu msomaji. Hakupigana na walinzi pale juani, na hakupita akanyamaza. Alisema, kisha akaenda kwa mwenye mamlaka juu yao, na watu wakaachiwa.

Basi aliyedhulumiwa aandike siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, jina au namba ya askari, na waliokuwapo. Akiwa na jeraha aende hospitali mapema. Aanze kwa mkuu wa kituo. Asiposikilizwa, Kenya ipo Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na Tanzania ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iliyoanza mwaka 2001. Aeleze aliyoyashuhudia tu. Asizidishe, wala asiwatukane askari wote kwa kosa la mmoja, kwani Qur'ani imeweka wazi kuwa nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyengine.

Hatuyasemi haya kwa kuyasahau yaliyopita. Yaliyotokea katika Msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, Februari 1998, na katika Masjid Musa, Mombasa, Februari 2014, ambako polisi na waumini walikabiliana na watu wakapoteza maisha, yameacha majeraha katika nyoyo. Na ni kwa sababu ya majeraha hayo ndipo tunahitaji elimu hii zaidi. Mahali palipo na kidonda, neno moja lisilo na adabu, kutoka upande wowote, hulitonesha.

NENO KWA ASKARI NA KWA MAIMAMU

Askari Muislamu anayesoma makala haya ajue kuwa mizani ni hiyo hiyo kwake. Mamlaka yake ni amana. Imam Muslim amepokea onyo kali juu ya watu wenye mijeledi mfano wa mikia ya ng'ombe, wanaowapiga watu kwayo. Akivua viatu mlangoni mwa msikiti, akaitoa salamu yeye kwanza, akamwita mzee "mzee wangu" wakati anampekua, hapungukiwi na cheo. Na kukataa amri ya dhulma kwa adabu ni wajibu wake, kwani hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba.

Nao ndugu zetu maimamu, tunawausia mambo matatu. Kwanza, mas-ala haya yasomeshwe katika darsa za vijana kabla ya balaa, si baada yake. Pili, mjuane na mkuu wa kituo cha mtaa wenu wakati wa amani. Anayekujua kwa wema atakusikiliza siku ya dhiki. Tatu, kijana wa msikiti akikamatwa, wasiende watu mia wakipiga kelele getini. Waende watu wazima wawili watatu wenye busara, pamoja na wakili akipatikana, waulize sababu, na wahakikishe kuwa ana chakula, maji na nafasi ya kuswali.

Ama yule mama aliyeuliza juu ya mwanawe, jibu letu ni hili. Ikiwa kijana alisema haki, basi kwa haki aliyoisema tunataraji atalipwa. Ukali aliouongeza haukuwa sehemu ya haki ile. Angeweza kuisema haki yote kwa kauli laini, kama walivyofanya Musa na Harun mbele ya aliye mbaya zaidi, na huenda usiku ule angelala nyumbani kwao.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe ndimi laini na misimamo thabiti, awaongoze wenye mamlaka juu yetu, na awahifadhi vijana wetu kwa shari ya ndimi zao na shari ya madhalimu. Wallahu a'lam.